Wamebaki Wanane

Walikuja thelathini na wawili.
Nilihesabu mabegi, si watu,
maana mtu hukudanganya kwa tambo;
begi halina tambo: raketi zilizofungwa plasta,
soksi zimening'inia nje ya zipu, zinakauka safarini.
Leo Alhamisi jioni wamebaki wanane,
na mimi, Kazimili Lugendo, karani wa bohari ya reli
na mwenye kipaza sauti hiki chenye kikohozi,
nimeombwa niseme mashindano yamefika wapi.

Yamefika katikati.
Mwanzo una mbwembwe, mwisho una kombe,
katikati kuna vumbi.

Na vumbi lenyewe si la hivihivi.
Uwanja huu wa Tabora ni udongo wa kichuguu;
tuliuponda, tukauchekecha,
tukaushindilia kwa pipa la lami lililojaa maji.
Mchwa waliutafuna kabla yetu, chembe kwa chembe,
ndiyo maana mpira ukidunda hapa hupanda taratibu
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.
Wenye mabavu hawakulijua hilo.
Yule Mkroeshia mrefu, wa kwanza kwenye orodha,
alipiga kama anayegongomea mataruma;
kichuguu kikamrudishia yote, polepole, bila hasira.
Jumanne saa sita alikuwa ameshafungasha.
Nilikuwa nimemtabiria kombe. Iandikeni hiyo,
na mwandike kwamba nilitabiri kwa sauti kubwa.

Bidyanguze wa Kigoma, wa mkono wa kushoto,
sikumtaja kabisa.
Alijifunzia ukutani, ghala la dagaa, kule Kibirizi,
na ukuta haukosi mpira hata mmoja.
Aliyelelewa na mpinzani wa namna hiyo
humtazama binadamu kwa huruma kidogo.
Jana alicheza saa tatu kasoro.
Kila alipokosa aliigeuza raketi, akaitazama:
ni wewe au ni mimi?

Nyamizi muuza karanga aliniita pembeni.
"Kumi na tano, sawa. Thelathini, sawa.
Halafu arobaini? Tano imekwenda wapi?"
Huyu huhesabu chenji gizani asikosee shilingi.
Nikamwambia ni desturi ya mchezo.
"Desturi hiyo naijua," akasema,
"ndiyo iliyopima tumbaku yetu msimu uliopita."

Tunawaita wachezaji wa kulipwa.
Karatasi ya malipo nimeiona:
anayetoka raundi ya kwanza hupata nauli ya kufika Dodoma;
kutoka Dodoma ajijue mwenyewe.
Usiku nilimkuta kijana wa Bujumbura bombani
anafua fulana yake ya mechi,
na yule atakayepambana naye kesho
amemshikia sabuni.
Hilo halimo kwenye matokeo, nalisoma hata hivyo.

Limebaki suala la mpira.
Jana, seti ya tatu, sita kwa tano,
Bidyanguze aliuinua juu mno, upepo ukaudaka,
ukavuka wigo wa michongoma
treni ya mizigo ya Mpanda ikiwa inaondoka.
Behewa lilikuwa wazi. Hatukusikia kishindo.
Mpinzani akanyoosha kidole: nje!
Bidyanguze akamwendea mwamuzi kwa adabu zote:
"Umeuona ukidunda?"
Mwamuzi hakuuona.
"Basi haujatoka. Uko njiani."
Jukwaa zima likacheka, hata mwamuzi,
lakini pointi alimnyima.

Asubuhi nilipiga simu stesheni ya Kaliua.
Wakasema behewa lilipita usiku,
turubai limeshafungwa, hawakufunua.

Basi hiyo ndiyo tathmini yangu:
wanane wamebaki, mmoja wao sikumdhania,
chokaa ya mistari imekwisha, tumeazima ya kanisani,
na mpira mmoja wa mashindano haya
haujadunda bado.
Kesho saa tatu kamili. Njooni na kofia.