Fundi wa Sweta

Daktari Nyagawa aliweka picha kwenye taa,
akasimamisha kalamu pale dawa ilipokwama:
"Mrija umeziba. Huku nadhani umeshikana na utumbo."
Akatafuta neno. Akasema utando, akasema makovu,
akasema, "Vimegandana, mama."
Nikamsaidia: kama sweta la sufu
lililofuliwa kwa maji ya moto.
"Karibu hivyo."

Najua nyuzi. Miaka kumi na minne
nina mashine yangu nyuma ya soko la Njombe.
Sufu ikishikana haina pa kuanzia,
mkasi ukikosea unakata na kizima.

Aliuliza: uliwahi kuumwa chini ya kitovu,
homa, uchafu wenye harufu?
Nikakumbuka Julai ile, nyasi zimeganda barafu,
nimejikunja na chupa ya maji moto,
mama mkwe anachemsha mizizi, anasema ni chango.
Lugano alikuwa ametoka Tunduma na lori la mbao.
Baadaye, mfukoni mwa jaketi lake,
karatasi ya duka la dawa: sindano moja, vidonge vya siku saba.
Jina moja. Lake.
Nikalifua jaketi. Nikalianika.
Maumivu yakaisha yenyewe, nami nikashukuru.
Sikujua kimya nacho kinafuma.

Tangu hapo nimefuma vikofia vya wachanga mia tatu na kitu,
vya njano, maana hakuna ajuaye anakuja nani.
Wanawake wa Uwemba huja na matumbo yao,
huniuliza, "Na wewe unao wangapi?"
Mimi huhesabu vishono kwa sauti.

Mbeya kuna kamera ndogo, alisema, huingilia kitovuni;
wanaweza kuviachanisha, taratibu.
Hakuahidi. Makovu hurudi.
Na mimba ikishika yaweza kunasa mrijani:
nikisikia maumivu nije mbio, nisingoje mizizi.
Kisha, bila kuniangalia:
"Mumeo naye apimwe. Cheti kiwe na majina mawili."

Usiku nilikiweka mezani, kando ya chumvi.
Lugano akakisoma muda mrefu,
na kina mistari mitatu tu.
Kiazi kikapoa mkononi mwake.
Akasema, "Lile jaketi."
Nikasema, "Ndiyo."

Ukungu ulikuwa umefika mlangoni.
Nikachukua kikofia nilichokiacha nusu,
nikaona nimeruka kishono safu ya nne,
nikafumua mpaka pale.
Uzi ukatoka umejikunja, kipande kwa kipande,
bado unakumbuka ulipokuwa.