Daftari la Wodi ya Kifua

Mimi karani tu. Kazi yangu mistari:
jina, umri, mtaa, siku ya kuingia,
na safu nyembamba ya mwisho, jina la ugonjwa.
Wiki ya kwanza niliandika nimonia.
Wiki ya pili nimonia na alama ya kuuliza.
Wiki ya tatu ikabaki alama peke yake,
imejikunja kama sikio.

Mzee Mbonea wa Keko, fundi makochi:
kipimo cha kidoleni kinasema sabini na moja,
mwenyewe anacheka, anataka chipsi kavu,
anauliza nani kafunga jana.
Daktari Nzota anakivua kipimo, anakifuta, anakivisha tena.
Sabini na moja.
Kwa hesabu hiyo mtu angekuwa amezimia.
Mbona hajazimia?
Saa tisa usiku aliacha kuuliza matokeo.

Kulwa na Doto wa Mtoni,
kitanda kimoja, kikombe kimoja,
pipi moja hung'atwa nusu kwa nusu.
Kulwa yuko kwenye mtungi, siku ya tisa.
Doto yuko getini, hata mafua hana,
anamuuliza mlinzi:
na zamu yangu mimi lini?

Tausi, aliyejifungua Jumanne:
je, umo kwenye maziwa?
Aliuliza titi limeshalowesha kanga,
mtoto analia upande wa pili wa kioo.
Nesi Sikudhani akatazama dari,
na dari ya Temeke ina madoa mengi tu.

Wengine waliuliza chinichini.
Siku kumi na nne, sawa, kuanzia lini?
Kuanzia homa, au kuanzia mkono niliopewa msibani?
Aliyepona amepona, au umelala tu ndani yake?
Nyungu inatibu, au inafariji?
(Tangawizi Kariakoo imepanda bei mara tatu.
Hilo ndilo pekee lililothibitishwa.)
Nami nina langu, sikuliandika popote:
kwa nini tangu zile siku nne za kukohoa
asumini ya mke wangu inanukia mafuta ya taa?

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa.
Hatukufundishwa anayeulizwa
aiweke wapi mikono yake.

Jioni moja mjane wa Mbonea
alimsimamisha daktari kwenye ngazi.
Mume wangu amekufa na ugonjwa gani?
Daktari, miwani imejaa ukungu wa barakoa,
akasema: mama, hatujui.
Yule mama alifundisha Kiswahili miaka thelathini,
darasa la watoto tisini, chaki ya kugawana.
Akasema: siyo hatujui, mwanangu.
Sema hatujajua.
Akashuka, mkoba kwapani,
ndala za marehemu zikichungulia kwenye zipu mbovu.

Nimekaa na silabi ile wiki nzima.
Hatujui ni mlango uliopigwa misumari.
Hatujajua, mlango umerudishiwa tu.
Lakini sitaki kuipamba. Silabi haijazi mtungi.
Haikumpa Mbonea pumzi,
wala haikumpa Tausi mwanawe
mpaka siku ya kumi na mbili.
Kulwa alitoka Ijumaa, Doto kambeba mgongoni
hadi kwenye bajaji, wote wawili wanagombana
nani akae dirishani, na bajaji haina dirisha.
Kwa nini yule akatoka na jirani yake wa kitanda asitoke?
Nilimuuliza Nzota. Akafungua mdomo,
akaufunga, akaenda kunawa.

Leo wameleta daftari jipya, gamba gumu, kurasa mia mbili.
Nimepiga mistari kwa rula.
Safu ya mwisho nimeipanua,
nikaimega safu ya mtaa, nikaimega ya umri,
watu watapata pa kujibana.
Daktari Nzota amepita, akainama, akaitazama
nafasi ile nyeupe kwa muda.
Hakuuliza kwa nini.