Ukurasa wa Kumi na Saba

Mpango wetu wa afya una kurasa arobaini na moja.
Niliupiga chapa mwenyewe, mwezi wa Agosti,
feni ikinipepea jasho la shingoni,
kisha Vandermolen, fundi wetu wa kampeni,
akautia kwenye droo, akageuza ufunguo.

"Mpango ni shabaha," alisema.
"Walio madarakani ni wao, waacheni wajibu wao.
Wodi ya wazazi imefungwa: ni yao.
Insulini imepanda bei: ni yao.
Sisi tunyooshe kidole, basi. Kidole hakina gharama."

Simlaumu. Miaka minne iliyopita tulitangaza kila kitu,
hadi senti, hadi kodi ya bia,
na wenzetu wakaichukua senti ile moja
wakaibandika kwenye kila ghala la ngano
kutoka hapa mpaka mpaka wa Kanada.
Tulishindwa kwa kura mia sita na kumi na mbili.
Mgombea wetu wa wakati ule siku hizi anauza matrekta.

Basi Oktoba, theluji ya kwanza nyepesi kama unga uliomwagika,
nikabisha hodi kwa Dorthea Haugen,
nyumba ya mwisho ya mji, Dakota Kaskazini,
kabla hayajaanza mashamba ya viazisukari.
Mezani kisu cha siagi na vidonge vya presha
vilivyokatwa nusu nusu, vingine vimevunjika vibaya,
na vumbi lililobaki amelikusanya kwenye kisahani.
Hatupi kitu.

"Mkishinda," aliuliza, "mtafanya nini?"
Nikamwambia tulichofundishwa: tunawajali.
Akanitazama kama mtu anayesoma kipimajoto.
"Mwanangu, hata anayeuza mbuzi kwenye gunia
humwacha mnunuzi alipapase gunia."

Sijui nilipatwa na nini.
Ufunguo wa akiba ninao, maana ofisi naifagia mimi.
Kesho yake nilimpelekea nakala ndani ya boksi la pizza.

Kumbe alikuwa karani wa hesabu hospitalini
kwa miaka thelathini na moja,
jambo ambalo hatukumuuliza,
kwa kuwa fomu yetu ya nyumba kwa nyumba
ina visanduku viwili tu: Yuko nasi. Hayuko nasi.

Siku ya nne aliirudisha, imejaa penseli.
Bei ya kitanda, ameisahihisha.
Wauguzi wa usiku mmewasahau, ameandika,
na hao ndio pekee waliobaki.
Ukurasa wa kumi na saba, pale tuliposema
ambulensi itafika ndani ya dakika ishirini,
amepiga mstari mmoja, taratibu, kwa rula:
"Hamsini na mbili. Nilihesabu kwa saa ya jikoni,
Harald akiwa sakafuni."

Jana kwenye kikao nikaiweka mezani.
Vandermolen akasema zimebaki siku kumi na tisa,
akasema wataitafuna, wataitema,
tutakuja kuokota vipande Novemba,
akasema, na hapo sauti ilimshuka,
kwamba hata yeye ana mama.

"Mficha maradhi," nikaanza,
wala sikumalizia.

Solveig Brekke, mgombea wetu, hakutia neno.
Alitafuta miwani mkobani, akaikosa,
akaipata kichwani mwake.
Kisha akafungua, si mwanzo,
bali pale penye kona iliyokunjwa,
na kwa muda mrefu mle chumbani hatukusikia
ila jokofu la soda likinguruma
na kidole chake juu ya karatasi,
kikifuata penseli.