Kiwiko

Habari aliileta Sauda wa saluni,
ambaye habari humfikia zingali mbichi, zachuruzika maji:
yaja kupigwa picha papa hapa Mombasa,
ya yule mama aliyekata tiketi mlangoni mwa sinema
miaka ishirini na mitatu
asiingie ndani hata siku moja.
"Na stelingi," akasema, akalitua chanuo,
akatuacha na kiu yetu,
"ni yule wa tangazo la sabuni."

Wallahi kwa Badi hapakunyolewa mtu tena.
Mashine ikanguruma peke yake hewani,
na mteja, nusu kichwa upara, nusu msitu,
akawa wa kwanza kupinga:
"Yule? Yule asemaye *zambi*?
Ghadhabu itamtoka *gazabu*,
kama jina la dawa ya mende!"

Kasichana, ambaye hakuna asichokitazama,
hata zile za Kikorea zenye maandishi yakimbiayo chini,
alimenya chungwa lake taratibu.
"Mkata tiketi husema maneno mangapi kwa siku?
*Wangapi? Juu au chini? Haya, pita.*
Kazi ile ni ya macho. Na vidole.
Mmemtazama vidole, au mwatazama sabuni?"

Twalib hajui kubishana kwa nathari.
Akasafisha koo:

*Tutafutieni wetu, azaliwaye Mvita,*
*Si kuazima za watu, sura za kupitapita,*
*Ajuaye kila kitu, vichochoro na matata,*
*Ama sivyo, ndugu zetu, tiketi hatutakata.*

"Wewe!" Badi akamwelekezea kitana.
"Tiketi uliikata lini mara ya mwisho?
Si kila picha waitazama kwa flashi ya kuazima?"

Tukacheka, kisha tukarudi vitani.
Nani alitoa pesa. Mwongozaji ni mpwa wa nani.
Kwamba mandhari ya Kuze watayapigia Malindi kwa kuwa ni rahisi.
Kwamba sinema yenyewe leo ni ghala la magodoro
na viti vyake viliuzwa kwa mafungu:
vitatu ndivyo hivi vya Badi,
vyekundu, vyenye nambari mgongoni,
na mimi nilikuwa nimekalia K 14
nikipiga kelele kuliko wote.
Nikasema, hawa wautaka mji wetu bila sisi.
Nikasema, nyuso zetu zina kasoro gani?

Sikusema
kwamba Jumanne ya wiki ile nilipanga foleni Tononoka
tangu adhana ya alfajiri, shati la mistari limenyooka kwa pasi,
niombe kuwa Mwanamume wa Pili Mlangoni.
Walinipa sentensi moja: *Mama, picha imeanza?*
Niliisema mara nne.
Mara ya nne ilitoka nikajiogopa mwenyewe.

Na pale kando, juu ya kreti la soda,
yule wa sabuni, bila rangi usoni, chai imempoa,
alikuwa ameubana ulimi kwa meno
kama mtoto wa chuoni:
dhambi. Dhahabu. Ghadhabu. Dhambi.
Akaniinulia macho.
"Kaka, nimeipata?"

Nikamwambia, bado.

Alikuwa ameipata.

Picha ilitoka mwaka wa pili, mwezi wa mvua.
Twalib aliileta kwa flashi, na hakuna aliyemcheka.
Badi alitundika shuka, tukazima taa,
na yule mama akakata tiketi
kwa kidole gumba na cha shahada, *chwap*,
bila kuangalia, kama apukutishaye vumbi,
na Sauda, ambaye humjua kila mtu, akasema polepole:
"Ndivyo. Ndivyo alivyokuwa akikata."

Sentensi yangu waliitupa.
Kilichobaki ni kiwiko, cha kushoto,
na kipande cha mkono wa shati, ukingoni mwa shuka,
kama muda wa kupiga chafya.

"Rudisha nyuma," akasema Kasichana gizani.
"Hapo. Shati hilo ni la nani?"
Nikasema, mimi nitajuaje.
Badi akasema ni la jirani yake wa Kibokoni.
Twalib akasema haiwezekani, yule ni mnene.
Wakaanza.