Kabati la Saa

Hapa Lindi havai mtu saa tena,
wote wanachungulia simu.
Basi kabati langu la vioo, nilimopanga saa za mkono
safu kwa safu kama meno,
nikaliziba pembe kwa silikoni,
nikalijaza madumu manne ya bahari.

Jiwe alinipa Somoe Nalinga wa shamba la mwani,
pamoja na chupa ya boya iliyomchosha.
"Chukua, fundi. Imeota upele."

Kweli, ilijaa madoa meupe,
madogo kuliko punje ya uwele.
Nikashika wembe. Nilishakwangua mstari mzima
ndipo nikakumbuka kazi yangu, miaka thelathini na moja,
ni kutazama kwanza, kugusa baadaye.
Nikavaa lenzi jichoni.

Nyumba.
Kila doa ni mrija wa chokaa uliojiviringa
kama ile springi nyembamba inayopumua tumboni mwa saa,
na mlangoni manyoya machache
yanachota kitu nisichokiona.
Tena, hawa wamejikunja kufuata mshale,
wale kinyume cha mshale.
Nikawaandika kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa kulia, ukurasa wa kushoto.

Mwenye mrija mgumu na kizibo chekundu
nikamwita Bawabu: kivuli cha mkono kikipita
anaingia, anafunga, haulizi "nani?"
Yule wa mrija laini, wa tope na ute,
anayekunjua shada la nyuzi, kahawia kwa nyeupe,
huyo Bi Arusi.
Na yule anayetandaza utando, kisha anauvuta, anaula,
nilimweka miezi mitatu kwenye hesabu ya minyoo
mpaka usiku mmoja akatoa kichwa, na pembe mbili.
Konokono!
Nikamfuta kwa kalamu nyekundu. Samahani, jirani.

Hawataki mengi.
Maji yakishuka chini ya alama naongeza ya mvua,
maana joto huiba maji, chumvi huiacha.
Chakula chao maji ya kijani, nayalea kwenye chupa dirishani;
matone kumi kwa bomba la sindano, saa mbili usiku,
pampu nimeizima, riziki isiwapite mbio.

"Wanaliwa?"
Hawaliwi.
"Wanauzwa?"
Nani anunue?
"Sasa?" anauliza Somoe,
na mimi niliyekula miaka yote kwa swali la "saa ngapi"
sina jibu.

Mwezi wa Rajabu gurudumu lilinichomoka kwenye koleo.
La shaba, dogo kama ukucha wa mtoto.
Nililiona likimeta mchangani, nikasema kesho.
Kesho akaja mteja, wa kwanza kwa wiki mbili.
Kesho kutwa umeme ukakatika.
Siku ya nne Bi Arusi alikuwa amelitupa shada lake lote,
linaelea kama unyoya wa kuku aliyechinjwa.
Bawabu hakufungua.
Shaba iliyosomesha wanangu
ni sumu kwao.

"Mwaga," alisema Somoe.
Nilimwaga maji, nusu leo, nusu keshokutwa,
yeye mwenyewe akinibebea madumu huku akinicheka.
Mrija mtupu nikauacha umesimama.
Kila usiku lenzi, kila usiku tope.
Nikaanza kuona haya kuwasha tochi.

Usiku wa ishirini na tatu
kitu cheupe kilichungulia,
nyuzi sita, hazina hata mstari wa kahawia,
fupi kama kope.
Sikumwita mtu.

Leo amekuja kijana na saa ya marehemu baba yake.
Imesimama saa tano na robo, hajui ya mchana au ya usiku.
Nimeifungua mbali, kwenye meza ya pili,
juu ya kitambaa.
Yeye nimempa kigoda karibu na kabati.
Kaa hapo, mwanangu.
Ila sogea kidogo,
unawatilia kivuli.