Parafujo

Potosí, Julai. Saturnina Colque
ameilaza kifudifudi mashine yangu ya oksijeni
juu ya meza ya chakula ya wauguzi,
kisu cha mkate mkononi.

Mimi ndiye niliyeichora. Nilipewa tuzo
kwa kuwa haionyeshi mshono popote.
"Kama yai," anasema. "Na yai, mhandisi,
halifunguliwi. Hupasuliwa."

Kilichoziba ni chujio: kitambaa
cha bei ya viazi viwili, nilichokifungia ndani
kwa gundi na parafujo za pembe tano
zisizojulikana na bisibisi yake.
Wodini mtoto anapumulia mtungi wa kuazima,
mshale wa geji unashuka.

Kah! Gamba likapasuka.
Akakung'uta vumbi, akafunga kwa plasta ya vidonda.
Mashine ikakohoa, ikanguruma.

Usiku ule nikachora upya
kwenye karatasi ya kufungia mkate:
parafujo za aina moja, zenye kichwa cha msalaba,
kijimlango cha kusukuma kwa kidole gumba,
hata chenye glavu ya sufu, hata gizani.
Mshono nimeuacha wazi.

Saturnina akautazama mchoro, akatafuna mkate.
"Bisibisi hupotea," akasema.

Nikafuta misalaba yote.
Nikachora mkato mmoja mnyoofu,
unene wa sarafu.