Stima

Utotoni mwangu, stima ikipotea Shaurimoyo,
mtaa mzima ulisema "Eeh!" kwa mdomo mmoja,
kisha milango, kisha viberiti.
Babu pekee aligeuza uso upande wa gati.
Kwake stima haikupita kwenye waya.
Ilikuwa na bomba la moshi na nanga,
na king'ora kilichofika Dunga kabla yake,
na ikipotea, imepotea na watu.

Zablon Ogutu, karani wa mifuko ya barua.
Kisumu, Kendu, Homa Bay, Karungu, na kurudi.

Barua zilimfikia zikiwa zimechoka:
zimelala Bombay, zimeumwa na bahari,
zimeteremshwa Kilindini kwa winchi,
zimekula vumbi la Voi, baridi ya Mau,
mpaka reli nayo ikaona maji
ikasema: mimi, basi.
Hapo ndipo aliposaini.
Lakiri nzima? Nzima. Kamba? Kamba.
Kuni zikapakiwa, wachochezi wakavua mashati,
na maneno ya watu yakaanza kuelea.

Mwaka wa vita, gatini Kendu, upepo wa alasiri:
kamba ya katani ikakatika
na mfuko wa saba ukaenda kuwasalimia kamongo.
Babu hakuwa mwogeleaji. Aliruka tu.

Walimwopoa yeye, wakauopoa na mfuko,
na jioni nzima, juu ya turubai, kando ya bomba la moto,
alizianika barua kama omena,
moja moja, akizigeuza zisigandane.
Lakini wino ni mwoga.
Majina yote yalikuwa yamebaki ziwani.

Sheria alikuwa nayo kichwani:
bahasha isiyo na jina irudi Nairobi,
ifunguliwe na mtu mwenye mkasi,
kisha moto.
Asubuhi akapanda juu ya kreti la sabuni,
bado ananuka tope, akauliza gati zima:
"Nani anangoja barua?"

Swali baya.
Mikono ikapanda kama mtama.
Wauza vyungu, makuli, mke wa katekista,
mzee mmoja asiyekuwa na ndugu hata Oyugis,
naye aliinua fimbo yake, asipitwe.

Akagawa.
Nifanyeje, aliniambia, nizipime kwa mizani?

Min Odindo alipata yake karibu na mwisho.
Mwanawe alikuwa Keya, Burma, mwaka wa pili.
Alikunjua karatasi: nyeupe,
katikati wingu la samawati, basi.
Akaigeuza. Akainusa. Akacheka kidogo.
"Hii ni yake," akasema.
"Hata nyumbani hakuwa msemaji."
Akaifunga kwenye pindo la leso
pamoja na stakabadhi ya kodi
akaondoka na njia ya mlimani.

Odindo alirudi?
Babu hakujua. Stima haikungoja mtu.

Daftari lake ninalo mimi sasa,
jalada la kitambaa, kona zimeliwa na mende.
Jana usiku waya zilikatika tena
nikalisoma kwa mshumaa, kidole juu ya mstari:
*Mfuko 7. Barua 41. Zimefika.*
Chini yake, kwa penseli ya mtu mwingine:
*Faini, shilingi kumi na tano.*

Kisha stima ikarudi kwa kishindo,
friji ikakohoa, redio ya jirani ikadakia habari katikati,
na chini ya taa kali nikaona
nambari imekwanguliwa kwa wembe, taratibu,
mkono wa mtu mwenye subira.
Ilikuwa 42.

Nikapapasa jalada la nyuma
pale kitambaa kilipovimba kidogo,
pale ambapo siku zote nilidhani ni unyevu.
Gundi ya ulezi, imekauka miaka hamsini.
Nimekiweka kisu mezani.
Sijaamua.